Koti la Marehemu

Sehemu ya tano

Msomaji mmoja wa Kindu ametuma ujumbe gazetini kusema kwamba mimi ni mwizi wa machozi. Amekosea kidogo. Machozi yalikuwa yangu mwenyewe. Nilichoiba ni wali.

Kwa waliochelewa, nawarudisha nyuma kwa maneno machache. Mimi ni Julienne, mjane wa Lusangi, mkulima wa mpunga na karanga. Nilifika miaka arobaini na miwili sijauona mji wa Kasongo kwa macho yangu, na kila aliyewahi kufika huko alinisimulia kana kwamba ameujenga yeye. Mwaka huu mpunga ulipokubali, wifi yangu Hawa, mke wa kaka yangu, akaniambia twende tukatembee. Si kuuza, si kupeleka mgonjwa. Kutembea tu, kama wazungu.

Uwezo wa kulala nyumba ya wageni hatukuwa nao. Hawa ndiye aliyeleta akili. "Mama Benita," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa jina la binti yangu, "mu muji mukubwa kila siku mutu anakufa. Na penye mutu amekufa, mukeka iko, wali iko, na hakuna wa kukuuliza umetoka wapi."

Basi mchana tulikuwa tunazunguka soko, tunahesabu misikiti, tunapiga picha mbele ya kanisa la matofali kwa simu yake iliyopasuka kioo. Jioni tunatafuta bashi, yaani turubai la bluu lililotandazwa mbele ya nyumba ya kilio, tunafunga vitenge kiunoni, tunaingia tukilia. Matanga ya kwanza yalitupa siku mbili. Ya pili yalitupa na nyama.

Ya tatu yalikuwa matanga ya Abedi, mfanyabiashara wa dhahabu, Mwislamu, mtu wa ukoo mkubwa pale mjini. Alirudi kutoka machimbo ya Salamabila na tumbo limevimba, siku ya nane akafa. Mimi nilitaka twende kwingine, upande wa soko, ambako nilisikia harufu ya mbuzi. Hawa akakataa. Alisema kwa Waislamu wenzake ndiko tutakaa vizuri.

Na hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita: saa nne asubuhi, siku ya pili ya kilio, mimi nimevaa koti la marehemu, nachechemea uani, na mjane wake Faridah ananijia na mchi wa kutwangia.

Wengi mmeuliza koti lilinifikaje. Nitasema.

Kwetu Lusangi, mtu mzima akifa, mwanamke mmoja anayejua kulia huvaa nguo yake na kutembea kama alivyokuwa anatembea. Kama alikuwa mlevi, unayumba. Kama alikuwa na kikohozi, unakohoa. Watu wanacheka, halafu wanalia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kazi hiyo kwetu ni yangu. Miaka kumi hii hakuna mzee aliyezikwa Lusangi ambaye sikumtembea.

Nani angeniambia kwamba mjini hawafanyi hivyo? Kwao nguo za marehemu hazishikwi na mtu wa nje, zinakunjwa, zinatolewa sadaka, basi. Mimi niliona koti kwenye msumari wa barazani. Chini yake viatu, cha kushoto kimelika upande mmoja. Nikajua huyu alikuwa anachechemea. Nikavaa, nikachechemea, na mkono mmoja nikauweka nyuma ya kiuno, kwa sababu mtu wa mguu kama ule kiuno lazima kimuume.

Wanawake kwenye mikeka wakanyamaza wote. Mimi nikafikiri nimewapata.

Pigo la kwanza la mchi liliniangukia begani.

"Nani alikuonyesha kutembea ya bwana yangu?" Faridah alipiga kelele.

"Mama, pardo, kwetu ni desturi..."

Pigo la pili lilinipata kiwikoni. Nilisikia mfupa ukilia. Mpaka leo mkono huu haufiki kichwani, nywele zangu nasukwa na binti yangu.

"Na ule mukono! Ule mukono wa mu kiuno! Alikuwa anauweka vile mu chumba tu, kama maumivu inamukamata. Nje hakufanya hata siku moja! Wewe ulimuona wapi mu chumba?"

Nilifungua mdomo nieleze habari ya kiatu. Nani ananunua maneno kama hayo? Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anachagua mchele akasimama, mchele wote ukamwagika, akasema neno lililonimaliza, kwamba ndiye mimi:

"Faridah, njo yeye! Njo muke wake wa Salamabila, ule watu wanasema! Njo alimuua!"

Wakanishukia. Sijui walikuwa wangapi, nilikuwa naona miguu tu. Mmoja alivuta nywele mpaka zikabaki mkononi mwake. Mwingine alinimwagia uji uliokuwa bado unatokota, ukaingia kwenye shingo ya koti, ukakaa mle mle na kunichoma. Nililia, na safari hii sikuwa nafanya kazi.

Halafu akaingia Yassine, mdogo wake marehemu. Ni dereva wa pikipiki, mrefu, sauti nyembamba. Nyuma yake wenzake wawili wa kazi, mmoja amebeba mnyororo wa pikipiki mkononi.

Yassine hakuuliza nani alianza. Alikanyaga vidole vyangu vya kulia kwa kiatu, akainama.

"Ulimutilia nini mu chakula?"

"Sikumujua, baba! Kwa jina la Mungu, sikumujua!"

"Humujui na unavaa koti yake?"

Akasaga kisigino. Ukucha wa kidole cha kati ukatoka. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu gazeti hili husomwa hata wakati wa kula.

Wakati ule Hawa alikuwa anarudi kutoka kisimani na ndoo kichwani. Hawa ni mfupi, akisimama karibu yangu ananifika kwapani. Aliona, hakupiga yowe. Alitupa ile ndoo na maji yake ikampata Yassine usoni. Halafu akamrukia mwenye mnyororo, akamng'ata mkono mpaka kijana akaita mama yake.

"Muache Mama Benita! Mutaua mutu bure!"

Akanilalia juu. Mnyororo uliposhuka, ulikuwa unanitafuta mimi, ukampata yeye mgongoni. Nilisikia pumzi yake yote inamtoka kando ya sikio langu. Ukashuka tena. Hakuondoka.

Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Yassine alimfuta mwenzake damu, akajifuta maji, akasimama juu yetu anahema.

"Bon. Mumoja wenu njo ule muke," akasema. "Kaka alimuoa kule. Alifunga nikaha, na mashahidi wawili, alimuambia Muzee Alimasi kwa mudomo yake, mimi nikisikia. Sasa museme ni nani, ao tunaua wote wawili."

Nikaha. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili.

Nilitia vidole vyangu vilivyovunjika kwenye shingo ya gauni, nikatoa msalaba wangu wa shaba.

"Mimi niko Mukristu," nikasema. "Nilibatizwa Lusangi nikiwa mutoto. Nani atanifungisha nikaha?"

Sikusema zaidi. Sikumtaja Hawa, sikumnyooshea kidole. Nataka mlielewe hilo, halafu nataka msinisamehe, kwa sababu nilijua. Alfajiri ile ile Hawa alikuwa amesali pamoja na wanawake wa nyumba hiyo, mtandio wake ulikuwa bado shingoni. Tulikuwa wawili tu pale chini. Mmoja akitolewa, anabaki nani?

Mikono yote ikaniacha kwa mara moja. Wakamnyanyua Hawa kutoka juu yangu, mahali alipokuwa amelala ili nisife.

Aliniangalia. Hakushangaa. Ningependa angeshangaa.

Walimburuta mpaka katikati ya uwanja. Faridah alimpiga kwa mchi miguuni, Yassine alimpiga kwa ngumi mdomoni, na meno mawili yakatoka. Hawa aliyatema mkononi, akayaangalia kama mtu anayetaka kujua ni yake kweli. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda ukuta. Mtu akarusha nusu ya tofali, likampata juu ya jicho.

"Leta esansi!" mmoja akasema.

Yule mwenye mnyororo akaenda kwenye pikipiki yake, akachomoa mrija, akaanza kujaza chupa ya maji. Nilisikia harufu ya petroli. Mkojo ulinitoka.

Mlango wa uwanja ulikuwa wazi. Hakuna aliyeniangalia tena. Nikatoka. Liandikeni hilo pia, ninyi wa ujumbe wa Kindu. Nilitoka nje ya ule mlango nikiwa bado na koti la watu mwilini, na miguu yangu ilikuwa inajua njia ya kwenda nyumbani.

Hatua kumi tu. Mbele yangu alikuwa anakuja mzee mmoja wa kanzu, na wanaume wanne nyuma yake, wanatoka makaburini kusoma. Nilimwona jana akipokea wageni. Ni Mzee Alimasi, baba mdogo wa marehemu, mwenye duka la vitambaa, na pale nyumbani neno lake ndilo la mwisho.

Nikaanguka miguuni pake.

"Baba, wanachoma mutu kwako."

Hakuuliza nani. Alikunja kanzu, akakimbia, mzee wa miaka sabini na zaidi. Nikamfuata. Naapa sikujua kwa nini nilimfuata. Labda ni aibu, labda ni kwamba peke yangu nilikuwa naogopa zaidi.

Alifika wakati kijana anafungua kizibo. Fimbo yake ilimpata kwenye kifundo cha mkono, chupa ikaanguka, petroli ikaanza kumwagika mchangani.

"Mbele ya kilio cha mwanangu?" Mzee Alimasi alisema. Hakupaza sauti. "Jana tulimuzika, leo munachoma watu mu uwanja wake? Munataka malaika waingie kupitia wapi?"

"Muzee, huyu alimuua kaka," Yassine akasema. Aliiokota chupa. Nusu ilikuwa imebaki.

"Kaka yako alikufia mu mikono yangu. Docteur alisema matumbo ilijifunga."

"Docteur hajui sumu!"

"Na wewe unaijua?" Mzee akageuka. "Faridah, leta musahafu."

Walimkalisha Hawa juu ya mkeka. Mwanamke mmoja akamnawisha mikono, maji yakawa mekundu, akamwaga, akamnawisha tena. Mzee akaweka Kitabu juu ya kitambaa cheupe mbele yake.

"Binti, mbele ya kuapa nikuulize. Wewe njo muke Abedi alioa kule Salamabila?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, ninangoja aseme hapana. Nilikuwa tayari kumsaidia. Nilikuwa hata nimepanga maneno: baba, huyu hajawahi kumwona marehemu, tulikuja kwa ajili ya wali.

Hawa akameza damu.

"Ni mimi, baba," akasema.

Jamani.

Niliegemea nguzo. Mambo yalianza kujipanga kichwani mwangu moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa linanipiga kuliko mchi. Miaka mitatu iliyopita kaka yangu Ayoubu alianguka kutoka juu ya mchikichi, mguu ukasagika, akalala miezi tisa. Kaka yangu ambaye aliacha hata jina lake la ubatizo, akasilimu, ili apewe Hawa. Mimi nilimlisha na kumgeuza kitandani. Hawa alikwenda Salamabila kuwapikia wachimbaji, na kila juma ilikuwa inafika dawa, na sindano, na sabuni. Mguu ukapona. Hawa akarudi, tukachinja kuku. Lakini kila baada ya miezi michache alikuwa anarudi kule majuma matatu, "kuuza mafuta ya mawese".

Na safari hii ya kutembea kama wazungu? Alikuwa amesikia kwamba Abedi amebebwa kwenye pikipiki akiwa mgonjwa kuja Kasongo. Matanga mawili ya kwanza tulikuwa tunazunguka mtaa baada ya mtaa, yeye anauliza majina, mimi napiga picha kanisa. Tulipokuta bashi la tatu, alikuwa amempata. Mimi nilikuja kuona mji. Yeye alikuja kuona mume.

Hasira niliyoisikia pale ilikuwa kubwa kuliko uchungu wa mkono. Kama Faridah angenipa ule mchi, ningeupokea. Nalisema wazi.

Mzee Alimasi yeye hakushtuka. Alikuwa anajua.

"Abedi aliniambia," akasema, akiwageukia watu. "Aliniambia: baba, nimeoa mujane kule, bwana yake alikufa, ni muke muzuri, anasali. Nikifa mumuitishe. Mimi nilinyamaza juu ya kilio cha Faridah. Kosa ni yangu."

Faridah akakaa chini. Mchi ukamtoka mkononi.

"Kama ni mujane, na alioa kwa nikaha, ni muke wetu," Mzee akaendelea. "Na mujane ataua bwana yake juu ya nini? Apate nini? Basi ataapa mambo mawili, na munaachana naye. Binti, weka mukono. Sema hukumupa Abedi sumu."

Hawa akaweka mkono juu ya Kitabu. Sauti yake ilikuwa inapita kwenye mapengo ya meno lakini kila mtu alisikia.

"Wallahi, sikumupa kitu. Nilimupenda."

"Sema tena. Sema ulikuwa mujane wakati alikuoa, na hauna bwana mwingine."

Mkono ukabaki pale juu ya Kitabu. Halafu Hawa akauondoa, akauweka kwenye magoti yake.

Alimdanganya kaka yangu. Alimdanganya yule mfanyabiashara. Mimi alinidanganya miaka mitatu, tukichota maji pamoja. Kitabu hakuweza kukidanganya.

"Munaona!" Yassine akaruka juu. "Iko na bwana! Muke wa bwana wawili, alikuwa anatafuta mumoja afe! Muzee, sasa utasema nini?"

Kijana wa mnyororo akatoa kiberiti mfukoni. Wale wanaume wanne waliotoka makaburini wakaanza kurudi nyuma pole pole, kama watu waliokumbuka wameacha kitu mahali.

Ndipo Mzee Alimasi akanitafuta kwa macho, akanipata kwenye nguzo.

"Wewe. Mulikuya pamoja. Huyu damu inamuzuia kusema, labda na woga. Sema wewe. Huyu muke iko na bwana, ao hana?"

Watu wote wakanigeukia. Hawa alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuniomba kitu. Alikuwa amekwisha kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Kama ningesema ndiyo, ningekuwa nimesema kweli. Ningekuwa nimesimama upande wa kaka yangu, damu yangu, mtu aliyelala miezi tisa akiita jina la mke wake. Na wangemchoma mbele ya macho yangu.

Kama ningesema hapana, ningemfuta kaka yangu duniani.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Tulikuwa tumelichuma wote wawili, yeye na mimi.

"Hana," nikasema.

"Sema kwa nguvu."

"Hana bwana! Alikufa. Alianguka juu ya muchikichi, miaka tatu sasa. Tulimuzika sisi wenyewe, mimi nilimuvisha."

Na hapo nikalia. Nililia vile ambavyo sijawahi kulia kwenye matanga ya mtu yeyote, mpaka wale wanawake walioniunguza kwa uji wakaanza kujifuta macho. Nilimwona kaka yangu amelala kwenye sanda, mguu wake uliopinda. Nilimzika vizuri sana. Walinisadiki.

"Inna lillahi," Mzee Alimasi akasema. Akamnyang'anya kijana kiberiti, na chupa akaimwaga mwenyewe, mpaka tone la mwisho. "Mumesikia. Ni mujane wa Abedi. Atakaa eda hapa, pamoja na Faridah, miezi ine na siku kumi. Mutu akimugusa, amenigusa mimi. Mumubebe ndani, mumuoshe na maji ya chumvi."

Watoto wakashuka ukutani. Wale vijana wa pikipiki wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Wanawake wanne walimnyanyua Hawa, na mmoja wao alikuwa Faridah. Nilivua koti, nikalitundika kwenye msumari wake, nikakaa chini mchangani kwenye harufu ya petroli. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Nilihesabu: eda ikiisha atatoroka, nitakuja kumchukua, na kwa kaka nitatafuta maneno. Nitasema anaumwa. Nitasema amepata kazi.

Yassine hakuwa ameondoka.

Alikuwa amesimama mbele ya Mzee, mikono nyuma, mpole kama mtoto wa madrasa.

"Muzee," akasema, "kama ni muke wa kaka kweli, hatabaki nje ya ukoo. Eda ikiisha, mimi njo nitamurithi. Mimi sina muke."

Nilingoja Mzee amtukane. Mzee alishika ndevu zake, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali.

"Njo desturi," akasema. "Na itafunga mudomo ya watu." Akanigeukia. "Wewe ni ndugu yake. Hana baba hapa, hana bwana. Wewe utajibu kwa upande wenu. Munakubali?"

Nimjibu nini? Kwamba mke wa mtu harithiwi? Nilikuwa nimetoka kumzika huyo mtu kwa mdomo wangu, machozi bado mashavuni. Nikitafuta sababu ya kukataa, Yassine ataitafuta pamoja nami.

"Tunakubali," nikasema.

Yassine akaja akanyoosha mkono. Ule ule uliotoa meno mawili. Ulikuwa bado una damu kwenye vifundo, kavu upande mmoja, mbichi upande mwingine.

"Shemeji," akaniambia, na akatabasamu. "Unisamehe vidole. Karibu kwetu."

Nikaupokea. Aliubana mkono wangu mbovu, sikulia.

Hapo ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Walikuwa wameanza kumwosha Hawa kwa maji ya chumvi, na chumvi ilikuwa imeingia kwenye kidonda cha mgongo. Alipiga yowe moja refu. Halafu akaanza kuita jina, tena na tena, kama alivyokuwa anaita siku za kuzaa watoto wake.

"Ayoubu! Uko wapi, Ayoubu? Ayoubu, wananiua!"

Yassine hakuuachia mkono wangu. Mzee Alimasi alikuwa ameinama kuokota Kitabu, akabaki ameinama.

Faridah akatokea mlangoni na beseni la maji mekundu. Aliliweka chini taratibu. Akaniangalia mimi, siyo wanaume.

"Bwana yangu alikuwa anaitwa Abedi," akasema. "Ayoubu ni nani?"